Kahawa Vuguvugu ya Siku ya Lefse

Ardella Tveit alishuka ngazi za kanisa kwenda ukumbi wa chini akiwa amekikumbatia kikaango chake cha umeme kifuani, na moyo wake ulikuwa mzito kuliko kikaango. Kwa mtu anayekwenda kwenye siku aliyoipenda kuliko zote za mwaka, ukiacha Krismasi, hiyo haikuwa haki. Viazi vilikuwa vimepondwa tangu jana, vimekandwa kwa siagi na malai, vikalazwa kwenye baridi. Wanawake wa kijiji cha Halvrud walikuwa njiani na vifimbo vyao vya kusukumia, aproni zao, na umbea wa mwaka mzima. Na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, angesimamia siku ya lefse, ile mikate myembamba ya viazi waliyorithi kutoka Norwe, bila Orrin duniani.

Orrin alikuwa mumewe, na alikuwa amefariki majira ya kuchipua, barafu ya ziwani ikianza kupasuka. Hakuwa fundi umeme. Alikuwa mkulima wa mahindi aliyelijua jengo la kanisa kama alivyolijua zizi lake mwenyewe, na kila siku ya lefse alisimama chini ya ngazi akielekeza kwa kidevu. "Myrtis, pale. Bernette, kule kwenye piano. Ardella, ukuta wa jikoni." Akapitisha kiganja kwenye kila waya, akagusa kila plagi, kisha akabeba birika la kahawa na kupotelea nalo juu. Huko juu alikaa hadi jioni. Alishuka tu kuleta vikombe, na kwa sababu ngazi ni ndefu na Orrin hakuwa mtu wa haraka, kahawa ilifika vuguvugu. Walimcheka kwa hilo miaka nenda miaka rudi. "Miguu inataka mazoezi," ndilo lilikuwa jibu lake.

Ardella hakucheka sana. Yeye alijua mumewe anakimbia kelele za wanawake, na ilimuuma, kwa kuwa ndiyo siku moja aliyotamani akae karibu naye amwone anavyosukuma. Hakuna katika ukumbi ule aliyesukuma nyembamba kama yeye. Lefse yake ukiiinua kwenye taa, unahesabu vidole vyako upande wa pili.

Mwaka uliopita Orrin alikuwa kitandani hospitalini siku ya lefse ilipofika, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Fyuzi ilikata, ikarudishwa, ikakata tena. Mtu mmoja, ambaye hadi leo hajajitaja ingawa kila mtu anamjua, akavuta waya wa kuongezea kutoka ukumbi wa juu, akaupitisha chini ya zulia ili watu wasijikwae, akachomekea vikaango viwili. Zulia likaanza kunuka. Zimamoto wa kujitolea walifika wakikimbia, na kwa kuwa wote walikuwa waume wa wapishi, walizima zulia kisha wakala lefse. Lakini waya ulikuwa umeyeyuka na kuacha mstari mweusi sakafuni, na Duane aliuona.

Duane Tveit, mdogo wake Orrin, ndiye mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa. Alisimama juu ya ule mstari mweusi akiwa ameshika kofia mkononi, kisha akasema kwamba kanisa alilolijenga babu yake halitaungua kwa sababu ya mkate. Baraza likakubaliana naye. Wanawake wangepewa mwaka mmoja tu wa majaribio, na fyuzi ikianza tena vituko vyake, basi, lefse za mlo wa kanisa zitanunuliwa kiwandani.

Zile za kwenye plastiki! Ardella alizionja mara moja akaona afadhali kula bahasha. Lakini si ladha iliyomkosesha usingizi. Tangu Orrin aondoke, alikuwa anakula chakula cha jioni akiwa amesimama kando ya sinki, kwa sababu kuandaa meza kwa ajili ya mtu mmoja kulimtia uchungu. Siku ya lefse ilikuwa imebaki mahali pekee ambapo watu walimhitaji na kumtania na kumkanyaga miguu. Ikifa hiyo, angebaki na televisheni.

"Wee Ardella!" Myrtis alikuwa ameshafika, mnene, mchangamfu, theluji ikimyeyukia mabegani. Wawili hawa walikuwa marafiki tangu shule, na hawakuwahi kuongea vizuri hata siku moja. "Mbona uso umechacha hivyo? Nani kakumwagia maziwa?"

"Na wewe kucha za mkono mmoja ndiyo fasheni ya wapi?"

Myrtis akauinua mkono wake wa kushoto, kucha tano nyekundu zikimeta. Wa kulia ulikuwa mtupu. "Muda uliniishia, mwenzangu. Chupa ninayo mfukoni, nitamalizia tukipumzika."

"Anakuja kusukuma unga na rangi ya kucha! Haya, lete kikaango nikikague."

Alikuwa ameamua kufanya kama Orrin alivyofanya, hata kama hakujua yote aliyoyajua Orrin. Alipitisha kiganja kwenye waya wa Myrtis, na karibu na plagi kiganja kikakwama.

"Hiki nini?"

"Utepe."

"Utepe nauona. Chini ya utepe kuna nini?"

"Waya, kuna nini tena?"

"Uko uchi?"

"Uchi kidogo tu, jamani."

"Hakuna uchi kidogo, Myrtis! Unataka tukuzike na kifimbo mkononi?" Akakiweka kikaango kile juu ya kabati, mbali na mikono, akampa kile cha akiba cha kanisa. Wanawake walicheka mpaka Bernette, mpole wa wapole, mtu anayeomba radhi akigonga kiti, akaficha uso kwenye aproni.

Mahali pa kuchomeka Ardella alipakumbuka kwa njia yake. Hakuwa na habari waya gani unapita wapi ukutani, ila alijua kila mwanamke alisimama wapi miaka yote, kwa sababu alijua nani aliongea na nani na nani aligombana na nani. Akawapanga hivyo hivyo: Myrtis pale, Bernette kwenye piano, yeye mwenyewe ukuta wa jikoni, na wengine watatu mahali pao. Jambo moja alilijua kwa hakika, maana Orrin alilisema kila mwaka. Kikaango cha lefse kinakula wati elfu moja na mia nne, na waya mmoja wa pale unabeba elfu mbili na mia nne, basi.

"Kwa hiyo kila kikaango na waya wake," aliwaambia. "Viwili havilali kitanda kimoja."

"Kama mimi na mume wangu Harlan," alisema Myrtis. "Anakoroma huyo!"

Wakaanza, na kazi ikanoga. Vifimbo viligonga meza, unga ukaruka, vijiti virefu vya kugeuzia vikaingia chini ya lefse na kuzipindua bila kuzichana. Harufu ya viazi na siagi ikajaa ukumbi mpaka madirisha yakafunga ukungu. Lefse za kwanza zikalazwa chini ya taulo. Ardella alisukuma moja, akaiinua kwenye taa, akaviona vidole vyake, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya kuchipua akajisikia anaimba. Alikuwa anaimba kweli, tena kwa sauti, na Myrtis alikuwa anamwitikia vibaya.

Kila baada ya muda alizunguka akigusa plagi kwa nyuma ya vidole. Zilikuwa na joto la kawaida tu. Tutafika, aliwaza. Tutafika jioni na Duane atameza maneno yake na lefse juu yake.

Duane akaingia, mrefu, masikio mekundu kwa baridi, sauti yake ikimtangulia.

"Shemeji! Mambo yanakwendaje?"

"Yalikuwa mazuri mpaka ulipoingia."

"Nimekuja kwa amani. Nimekuja kuwapikia kahawa." Akalishika birika kubwa la umeme la kanisa kwa mikono miwili. Lilikuwa zawadi yake mwenyewe, alilinunulia kanisa alipostaafu kwenye duka la zana, la chuma kinachong'aa, na jina lake ubavuni kwa herufi ambazo hata asiye na miwani angezisoma. Akaliweka jikoni, kwenye kaunta ya dirisha la kupitishia chakula, akalijaza maji, akachomeka. "Leo mtakunywa kahawa ya moto, siyo yale maji ya kuogea ya marehemu kaka yangu, Mungu amrehemu."

Wanawake wakamshukuru. Katika kijiji hicho unaweza kusema lolote juu ya mchungaji, lakini kahawa haisemwi vibaya. Kikao hakifunguliwi bila kahawa, mazishi hayaishi bila kahawa, na mtu akikuletea habari mbaya, kabla hajafungua mdomo umeshamtafutia kikombe.

Walikuwa kwenye lefse zilizo bora kuliko zote, unga umeshika joto la mkono sawasawa, ikasikika *tap!* kwenye kisanduku cha umeme, na nusu ya taa ikazimika. Kikaango cha Ardella kikanyamaza na lefse ikiwa juu yake, upande mmoja mbichi.

Kilichofuata ndicho kinachofuata siku zote mahali pale.

"Ni mimi," alisema Bernette haraka. "Nisameheni. Lazima ni changu."

"Hapana, mpenzi, ni changu," alisema mwingine. "Nilikiongeza moto."

"Acheni, ni mimi," alisema Myrtis. "Tangu lini kitu kikaharibika nisiwemo?"

Kila mmoja akachomoa chake kwa adabu ili mwenzake asibebe lawama, na kwa dakika nzima haikujulikana nani kafanya nini, maana wote walikuwa wamekiri. Uchunguzi gani utafanyika mahali ambapo washtakiwa wanagombania kosa?

Duane alifungua kisanduku, akairudisha fyuzi. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza Ardella zaidi. "Hiyo ni moja, shemeji," alisema taratibu.

"Nimeona."

"Basi msijali. Tukae kwanza tunywe kahawa."

Wakakaa. Birika lilimalizia kuchemka, wakanywa kikombe cha kwanza, wakakataa cha pili mara mbili na kukikubali ya tatu kama ilivyo desturi, na birika likakauka. Ardella akakiweka pembeni kikaango chake, labda kimezeeka. Akaazima kile kipya cha Bernette, ambaye alisisitiza kwamba amechoka ingawa hakuwa amechoka. Akachomeka pale pale ukuta wa jikoni. Kikapata moto. Akasukuma, akageuza, akalaza moja chini ya taulo, ya pili, ya tatu, na hakuna kilichotokea. Alianza kupumua.

Jikoni, Duane alikuwa amefurahi jinsi kahawa yake ilivyopendwa. Akajaza birika tena.

*Tap!*

Safari hii hakuna aliyekiri. Walimwangalia Ardella, na macho yao yalikuwa ya huruma, na huruma ya watu wapole ni nzito kuliko matusi.

"Mume wangu," alianza Bernette kwa sauti ndogo, "mume wangu alisema, siyo kwamba najua, lakini alisema tungeweka fyuzi kubwa zaidi. Isingekuwa inakata-kata."

"Mwambie mumeo fyuzi siyo adui!" Ardella alijisikia akipaza sauti, na hakujali. "Inakata ili waya usiungue ndani ya ukuta. Ukiiziba mdomo, habari utaletewa na moshi. Orrin alikuwa..." Alikuwa karibu kulia mbele ya watu, jambo ambalo Halvrud hufanywa nyumbani.

"Shemeji," alisema Duane, "sisemi kwa ubaya. Hata mimi nazipenda. Lakini unaona mwenyewe. Jengo limezeeka, na aliyekuwa analijua hayupo. Kesho nitawaambia wazee yaliyotokea, na watafanya walivyosema."

Ardella akavua aproni, akaenda kukaa kwenye ngazi ya chini kabisa, pale pale Orrin aliposimama kuelekeza kwa kidevu. Asiyekuwepo na lake halipo, watu husema, na siku hiyo aliamini. Mwenye siku ameondoka na siku yake.

Alisikia nyayo. Duane alikuwa amemletea kikombe, maana fyuzi ilikuwa imeinuliwa na kikaango kimechomolewa, na birika lilikuwa limepika bila shida. Hakujua la kusema, na mtu wa kule asiyejua la kusema huleta kahawa.

"Kunywa, shemeji. Ni ya moto."

Akakipokea, akapiga funda, na kahawa ikamuunguza ulimi hasa. Machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya ulimi.

"Pole! Nilikwambia ni ya moto."

"Ni ya moto," alisema Ardella. Akakiangalia kikombe. "Duane, hii kahawa ni ya moto."

"Ndiyo nasema."

"Siku ya lefse kahawa ya Orrin haikuwahi kuwa ya moto."

Akainuka. Alikwenda jikoni huku Duane akimfuata akidhani ulimi umeleta homa. Akaishika plagi ya birika ukutani kwa nyuma ya vidole, kama alivyofundishwa, akaurudisha mkono haraka. Lilikuwa joto ambalo hakulikuta kwenye plagi ya kikaango chochote asubuhi ile. Akachomoa. Akamimina kahawa yote kwenye majagi, akaliinamisha birika tupu na kusoma kibati cha chini kwa kukodoa macho. Wati elfu moja na mia tano. Akauangalia ukuta. Upande huu birika, upande ule wa ukuta huo huo kikaango chake, waya mmoja ukivilisha vyote viwili. Elfu moja na mia nne, jumlisha elfu moja na mia tano. Hata mtoto wa shule ya Jumapili angejua hilo halibebeki kwenye elfu mbili na mia nne.

Na likishachemka, birika linatulia na kula kidogo tu, kutunza joto. Ndiyo maana fyuzi ilivumilia katikati. Ilikata kila walipojaza maji upya. Walijaza upya kila fyuzi ilipokata, kwa sababu umeme ukikatika watu hukaa kunywa kahawa.

"Mungu wangu," alisema Ardella. "Tulikuwa tunajiliwaza kwa ugonjwa wenyewe."

Hakumweleza Duane chochote bado. Alipanda ngazi na birika tupu mikononi, ngazi zote ndefu alizopanda Orrin, mpaka ukumbi mdogo wa mlangoni ambapo watu hutundika makoti. Chini ya makoti kulikuwa na benchi la mwaloni. Na juu ya benchi, pembeni kabisa, jirani na soketi ya ukutani, kulikuwa na duara jeupe la vanishi iliyoungua.

Duara lile alilijua. Kila Pasaka alilipaka nta na kulisugua akiwalaani wanakwaya, kwa sababu nani mwingine angeweka kitu cha moto kwenye mbao nzuri vile? Akaliteremsha birika juu yake taratibu. Kitako kikaketi ndani ya duara pasipo kuzidi wala kupungua.

Ardella akakaa kwenye benchi kando ya birika, katikati ya makoti yenye theluji, akalia. Halafu akaanza kucheka huku bado analia, kwa sababu alimwona Orrin amekaa hapo, mikono magotini, peke yake siku nzima na baridi ya mlango ikimpiga shingoni, akilinda birika. Hakuwa amemkimbia. Miaka yote aliyomnunia kwenye gari wakirudi nyumbani, mtu yule alikuwa juu kwenye baridi ili kikaango cha mkewe, ukuta wa jikoni, kisizimike. Alitaka aendelee kusukuma.

"Shemeji?" Duane alikuwa amesimama juu ya ngazi akihema. "Unaumwa?"

Hapo Ardella angeweza kusema miguu inataka mazoezi. Lilikuwa jibu zuri, la adabu, lenye baraka za marehemu, na Duane asingeaibika. Alilifungulia mdomo kabisa. Kisha akaukumbuka ule mstari mweusi sakafuni. Kimya cha Orrin kilikuwa cha upendo, lakini Orrin alikwenda nacho hospitalini, na nusura kanisa liungue.

"Kaa hapa," alisema. "Nina la kukuambia, na hutalipenda. Ni birika lako."

"Birika langu limefanya nini?"

Akamweleza yote, wati kwa wati, ukuta, kujaza na kujaza tena, na duara. Duane alisikiliza akiliangalia jina lake ubavuni mwa birika. Masikio yake, yaliyokuwa yameshapoa, yakawa mekundu upya.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema mwisho. "Mwaka jana pia nililiweka jikoni, ni mimi. Leo ni mimi, mara mbili, halafu nikakuhubiria."

"Ulihubiri vizuri lakini."

"Alijua, na hakuniambia! Kaka yangu wa tumbo moja!"

"Akuambieje, Duane? Umelinunulia kanisa zawadi, umeiandika jina, umesimama nayo madhabahuni ikaombewa. Orrin akwambie zawadi yako inazima taa za Bwana? Wewe ungemwambia?"

Duane alifikiri kwa haki. "Hapana," alisema. "Ningekaa hapa kwenye benchi." Mabega yake yakaanza kutikisika, na Ardella akadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kile kile cha Orrin ambacho hakuwa amekisikia tangu majira ya kuchipua. "Kikulacho ki nguoni mwako! Na mimi nilikuwa nalilaumu jengo!"

Walishuka pamoja, na Duane mwenyewe ndiye aliyesimama katikati ya ukumbi akaeleza. Bernette akajaribu kusema labda kosa ni lake, wakamzomea. Kisha wakachomeka. Vikaango vyote sita vikapata moto, na juu, mlangoni, birika likajazwa maji mpaka shingoni na kuwashwa. Walisimama na vijiti vyao wakiangalia kisanduku cha umeme kama watu wanaomngoja daktari atoke. Maji juu yakaanza kunguruma. Yakachemka. Taa zote ziliwaka.

"Haya mnangoja nini?" Ardella alipiga kelele. "Vikaango vimeshapata moto!"

Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Myrtis alimkumbatia kwa mikono iliyojaa unga, akamwachia viganja viwili vyeupe mgongoni.

"Lakini mwakani tutasahau," alisema Myrtis. "Mimi naanza kusahau sasa hivi."

"Hutasahau. Lete ile chupa yako."

"Ya kucha? Bado mkono mmoja, Ardella!"

"Lete."

Akapaka doa jekundu juu ya soketi ya birika jikoni, na doa jekundu upande wa pili wa ukuta, kwenye soketi ya kikaango chake. Nyekundu na nyekundu ni waya mmoja, aliwaambia, visiwashwe pamoja kamwe, na mtu yeyote aulize na aambiwe, hakuna siri tena katika kanisa hili. Madoa mengine yangefuata, maana Bernette alikiri kuwa na rangi ya waridi nyumbani, na wote walishangaa kwamba Bernette anapaka kucha.

Jioni ilipokaribia, taulo hazikutosha kufunika lefse. Duane alikuwa amepanda na kushuka ngazi na vikombe mpaka akaketi chini akashika magoti.

"Shemeji, kesho sina la kuwaambia wazee," alisema. "Ila nitaomba benchi jipya huko juu. Lile linaumiza makalio."

"Lile benchi halitoki," alisema Ardella. "Na vanishi yake nisione mtu anaigusa."

Duane akamtazama, akaelewa, akaitikia kwa kichwa. Akampa kikombe cha mwisho alichokileta. Ardella akaikunja lefse moja yenye siagi na sukari, akakaa mezani pamoja na wengine, Myrtis akimkanyaga mguu upande mmoja na Bernette akiomba radhi upande wa pili. Akapiga funda.

"Vipi?" aliuliza Duane. "Imepoa, siyo?"

"Imepoa kabisa," alisema Ardella, akainywa mpaka tone la mwisho, kisha akamnyooshea kikombe. "Niongeze."